Midomo ya Mama Kanti

Mwaka ule mvua za kwanza ziligoma. Mawingu yalikuja kutoka upande wa Geita, yakasimama, yakaitazama Shinyanga kama mgeni asiyekaribishwa, kisha yakarudi yalikotoka. Mbuzi wa mtaa wa Ngokolo wakaanza kula nyasi za mapaa. Ndipo watu, kama ilivyo ada, walipoanza kuulizana ni nani aliyeifunga mvua.

Mageni alikuwa akifanya kazi kwa Mama Kanti, mke wa Mhindi mwenye duka la nguo karibu na stesheni. Kanti mwenyewe alikuwa akisoma Mwanza. Baba Kanti alikuwa ameondoka na lori la bidhaa kwenda kuwauzia wachimbaji wa dhahabu Geita, na mpakizi wake alikuwa Masele, mume wa Mageni. Waliaga kwamba watarudi kabla mwezi haujaandama. Mwezi uliandama, ukakua, ukafa. Kisha akapita dereva mmoja, akasema amesikia yule Mhindi kashikwa na homa kali huko machimboni. Habari za Masele hakuzitaja. Nani huuliza habari za mpakizi?

Tangu siku hiyo Mama Kanti alihamia chumba cha nyuma, kwa mungu wake.

Mungu huyo alikuwa mwanamke. Picha yake ilitundikwa ukutani, amevaa nguo nyekundu, amesimama juu ya mamba kama mtu asimamavyo juu ya mkeka. Kabla ya safari, Mageni alipomsimulia Masele habari za picha hiyo, Masele, ambaye kwao ni Chato ziwani, alicheka mpaka akakohoa. "Kwetu anayepanda mamba hawahi kupigwa picha," alisema.

Mama Kanti alimwita mwanamke yule Mama, tena kwa sauti ya mtoto aliyeachwa peke yake nyumbani. Hilo Mageni alilielewa. Asilolielewa lilikuwa lile neno lake la siri.

Mwaka uliotangulia, mzee mmoja mwenye shuka la manjano alishuka kwenye treni, Wahindi wakampokea kwa maua. Walimwita guru. Mageni alidhani ndilo jina lake, mpaka alipoambiwa maana yake ni mwalimu. Mwalimu huyo hakuwa na ubao wala chaki. Alimfunika Mama Kanti kichwa kwa kitambaa, akamnong'oneza neno sikioni, na shule ikaishia hapo.

"Hii neno ya guru, ya mimi na ya Mama tu," Mama Kanti alimwambia Mageni. "Mtu mwingine sikia, nguvu yake kwisha."

Kila asubuhi aliketi chini, mkono wa kuume ndani ya mfuko mwekundu, akihesabu shanga zisizoonekana, akilisema neno lake bila sauti. Mageni alifagia polepole, akitazama. Hakusikia kitu, ila aliona midomo: inakutana, inaachana, inakutana tena.

Zilipokaribia siku tisa za sikukuu ya yule Mama, Mama Kanti alitaka chungu kipya chenye matundu mwili mzima, taa iwekwe ndani, nuru itokee matunduni. Taa hiyo isizimike wala chungu kisivunjike mpaka siku ya tisa. Ndivyo alivyoweka nadhiri ili mumewe arudi salama. "Na Masele pia," aliongeza. Mageni akashukuru, akaenda Ngokolo kwa bibi Mbuke, mfinyanzi.

"Mwangaluka, mayu," Mageni alimwamkia kwa Kisukuma: habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka. Unataka cha maji au cha mboga?"

"Nataka chenye matundu."

Mbuke alimtazama kana kwamba ameombwa afinyange nyoka. "Chungu kisichoshika maji, mwaka huu? Nenda ukamwambie tajiri wako, mimi sikufundishwa kufinyanga ukame."

Basi Mageni alifanya akili yake mwenyewe. Alinunua chungu cha kawaida kibichi, kabla hakijachomwa, akasema atakichoma mwenyewe. Nyumbani akakitoboa kwa bua la mtama, tundu baada ya tundu. Kisha akakichoma, akiwaza. Chungu hiki kikiponyesha, Masele atarudi. Na kama ni kweli kinafunga mvua? Shamba la mama yake lilikuwa Ngokolo kule kule, limeshalimwa, linangoja. Alijikuta anaomba kwa chungu kimoja vitu viwili vinavyogombana.

Pembeni ya chungu Mama Kanti alijaza udongo katika sinia, akapanda ngano kama ilivyo desturi ya sikukuu hiyo, na kazi ya Mageni ikawa kuinyunyizia maji. Ngano iliota. Nje hakukuwa na jani, na ndani ya chumba kile chenye giza kulikuwa na kijani kibichi mpaka macho yanauma.

Siri ya ndani haikai ndani. Siku ya saba, jua likiwa utosini, wanawake wa Ngokolo walijaa uani, mbele yao Mbuke na mchi wake begani. Zuwena, jirani wa kutoka pwani, muuza maandazi, alijaribu kuwatuliza.

"Jamani, kile anachohesabu mfukoni ni tasbihi tu. Hata mimi ninayo."

"Yako unaificha mfukoni ukiihesabu?" Mbuke aliuliza.



Mama Kanti alitokea mlangoni, mkono ungali ndani ya mfuko mwekundu. Wanawake walirudi nyuma hatua moja. Mbuke hakurudi. Alichungulia ndani, akaiona ngano, akapiga ukelele.

"Njooni muone! Mvua yetu hii hapa, kaifungia chumbani, inamwoteshea majani!"

Kisha akakiona chungu, na uso wake ukabadilika. "He! Hiki si changu? Nani amekitoboatoboa kama chekeche?"

"Mimi, mayu," Mageni alisema.

"Wewe! Nilikifinyanga mimi, nitakivunja mimi." Aliuinua mchi. "Ama aseme hapa, sote tusikie, ni neno gani hilo analotafuna kila asubuhi."

Mama Kanti alielewa. Alitikisa kichwa. Machozi yalimtoka, lakini midomo aliikaza kama mfuko uliofungwa kwa kamba. Angesema, neno lingekufa; asingesema, chungu kingekufa. Alimtazama Mageni.

Na Mageni, ambaye hakuwahi kulisikia neno lile, alisikia kinywa chake mwenyewe kikisema: "Anasema Mayu."

"Nini?"

"Anasema Mayu. Mama, mama, basi. Midomo yake naiona kila siku, inakutana hivi. Anamwita yule wa mamba, kama wewe unavyomwita mama yako aliye kaburini mvua ikikawia."

Mchi ulishuka taratibu.

"Mtu mzima kumlilia mama yake si uchawi," Mbuke alisema mwishowe, lakini kwa sauti ya mtu aliyepunjwa. "Hata hivyo ile ngano siipendi. Siku ya kukiondoa chungu nitakuja. Mbingu ikiwa bado kavu, tutazungumza, mimi na mchi."

Walipoondoka, Mageni aligeuka apate shukrani. Alimkuta Mama Kanti ameketi chini, anamtazama kwa macho ambayo hakuweza kuyasoma: si ya hasira wala ya upendo. Mkono ndani ya mfuko ulikuwa umesimama.

"Nimekosea, Mama Kanti? Lilikuwa ndilo? Au silo?"

Mama Kanti alimfunika mdomo kwa kiganja, akakiacha pale muda mrefu, kisha akaenda kuongeza mafuta katika taa.

Siku ya tisa lori liliingia limepakwa matope mpaka kwenye paa. Baba Kanti alishushwa amekonda kama ufito, lakini hai. Masele aliruka chini akicheka.

"Mbona mmechelewa?" Mageni alimshika shati.

"Mvua, mke wangu! Huko Geita imenyesha mpaka tukailaani. Homa ilimwachia zamani huyu, ni matope yaliyotushika."

"Mvua ilianza lini?"

"Nijuaje? Nilikuwa nasukuma lori."

Jioni matone machache yalidondoka Ngokolo, yakakoma. Mbuke alikuja na mchi wake, akatazama mbinguni, akamtazama Baba Kanti kwenye machela, akashindwa kujua avunje au asivunje. Mwisho aliomba kijisehemu cha ile ngano, akaondoka ameificha ndani ya khanga.

Wiki iliyofuata guru alishuka tena kwenye treni. Mama Kanti alijifungia naye, akilia. Mageni aliona kwa upenyo wa mlango kitambaa kikimfunika kichwa tena, na yule mzee akiinama sikioni.

Asubuhi yake Mama Kanti aliketi mahali pake, mkono mfukoni. Mageni alifagia polepole, akitazama. Midomo ilipanuka, ikabaki wazi, ikapanuka tena. Haikukutana hata mara moja.

Neno lilikuwa limebadilishwa. Kwa hiyo siku ile uani alilipatia? Au guru alibadilisha kwa sababu ya shaka tu? Aliuliza kwa macho, Mama Kanti akafumba yake.

Mageni alichukua mtungi, akashika njia ya kisimani. Katikati ya njia aligundua kuwa midomo yake mwenyewe inakutana, inaachana, inakutana tena. Alisimama. Hakujua kama anaiba, au anaokota kilichotupwa. Upande wa Geita kulikuwa na wingu. Akaendelea kutembea, midomo nayo ikaendelea.