Aliyekufa Ni Doto

Mwaka ule wa sitini na nane nilikuwa na vyeo viwili: nimemaliza skuli, na nimekataliwa mke. Kwa hakika sikukataliwa, niliambiwa ningoje. Lakini kwa jicho alilonitazamia Bwana Mcha, kungoja kwenyewe ndiko kukataliwa kwa adabu.

Kosa lilikuwa langu. Unguja nzima inajua kuwa mtu akitaka mke hutuma wazee, na yeye hujificha nyumbani akatafuna kucha. Mimi nilikwenda mwenyewe. Nilikuwa nimeona sinema nyingi mno, na katika sinema stelingi, yaani yule mkubwa wa picha, hatumi shangazi yake. Basi nikavaa suruali yangu ya kubana, nikapiga hodi kwa Bwana Mcha, fundi saa, ami yake Wanu, aliyemlea tangu baba yake alipofariki.

"Shikamoo, ami. Nnamtaka Wanu."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama mtu anayetumai kuwa kioo kikitakata kijana mbele yake atatoweka.

"Marahaba. Una maneno mengi," alisema, nami nilikuwa sijasema hata matano. "Ngoja kwanza nijue kama ndani yake mna akili."

Wanu alikuwa nyuma ya pazia. Nilijua kwa sababu pazia lilicheka.

Fursa ya kuionyesha hiyo akili haikukawia. Vijana wa tawi letu la chama, Jang'ombe, walipata sinema ya vita kutoka Ulaya ya Mashariki, ya kuonyeshwa bure uwanjani: wapiganaji wa msituni wanaivunja reli ya adui. Lugha yake hapakuwa na aliyeijua. Hata jina la lugha tulibishana. Akatakiwa mtu wa kufasiri kwa kipaza sauti, nikasema, "Mimi."

Shaame, sahibu yangu, ndiye aliyekuwa mwendesha mashine. "Yakhe, lugha hiyo umejifunza wapi?"

"Sinema haitaki lugha, ina sheria zake. Stelingi hafi. Anayetoa mfukoni picha ya mkewe, huyo maiti. Na haini ni yule anayejitenga kwenda kuvuta sigara."

"Na ukikosea?"

"Nshawahi kukosea?"

Alinitazama kwa huruma, akaenda zake kufunga shuka la sinema.

Baada ya Isha uwanja ulijaa. Watoto mchangani, kina mama mikekani, na pembeni, juu ya kiti alichokuja nacho kutoka kwake, Bwana Mcha na sigara yake. Wanu alikaa mkeka mmoja na bibi yake, Bi Mwatima. Nilijifanya simwoni, kwa bidii mpaka shingo ikauma.

Ikaanza theluji, ikaja misitu, likaja gari la moshi.

"Hilo ni gari la moshi!" nikatangaza.

"Tunaliona," akajibu Bi Mwatima. "Letu la zamani, la Bububu, lilikuwa zuri kuliko hilo."

"Na wale wenye kofia za chuma ni Wajarumani."

"Khaa! Si ndio wanaotujengea majumba Kikwajuni?"

"Hao wengine, bibi. Hawa ni wa zamani, wabaya."

"Basi wa Kikwajuni wasiione hii. Watakasirika watuachie nyumba hazina mapaa."

Akatokea kijana mrefu, nywele zimechanwa kama anakwenda harusini, koti halina hata doa la tope. "Huyu ndiye stelingi," nikasema. "Mshikeni sura. Huyu hafi." Kijana akainua bunduki, akacheka, risasi ikamwingia kifuani, akafa.

Uwanja ukalipuka.

"Stelingi kafa!"

"Hapana! Stelingi hafi! Turudishiwe!"

"Urudishiwe nini, na umeingia bure?"

Nikakisogeza kipaza sauti. "Tulieni, jamaa. Hawa wamezaliwa pacha. Aliyekufa ni Doto. Kurwa yuko msituni, anakuja."

Wakatulia. Nasikitika kusema kuwa waliniamini. Tangu hapo kila mtu mrefu aliyepita alipigiwa makofi: "Kurwa huyo!" Akapita Mjarumani mrefu, naye akapigiwa.

Ikanilazimu nipate haini haraka, watu wamsahau Kurwa. Haini akajileta mwenyewe. Mtu mzima, mwembamba, mwenye miwani, akajitenga na wenzake, akaketi juu ya gogo, akawasha sigara.

"Haini!" nikanguruma. "Ameshawauza wenzake! Hebu itazameni hiyo miwani. Mtu kama huyu hatazami, anapeleleza!"

Uwanja ukamzomea kwa raha zote. Nami nilikuwa nimenogewa, nakwenda kuongeza jingine, mara sauti ya mpuuzi mmoja ikatoka gizani: "Mbona kama Bwana Mcha!"

Wallahi, ilikuwa kweli. Kipara kile kile, mabega yale yale, hata sigara kaishika vile vile, kama mtu aliyeiazima. Kicheko kilianzia kwa watoto kikapanda mikekani. Nikageuka. Bwana Mcha alikuwa anaisaga sigara yake chini ya kiatu, taratibu. Wanu kajifunika uso kwa buibui. Sikujua analia au anacheka, na yote mawili hayakuwa na heri kwangu.

"Geuza maneno," Shaame akaninong'oneza. "Sema si haini."

"Nshasema ni haini."

"Basi sema naye ni pacha!"

Pale kwenye shuka, yule wa miwani alikuwa ameinama relini, juu ya daraja, na nyaya za baruti. Wenzake wameshakimbilia msituni. "Anaing'oa baruti, mwana haramu!" nikasema, na uwanja ukazomea. Lakini hakuwa anaing'oa. Waya ulikuwa umekatika, naye anauunga kwa mikono mitupu, na gari la moshi linakuja, linapiga honi. Angeweza kukimbia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mtu anayefuta miwani namna ile nilikuwa nikimjua.

"Anafanya nini, mjukuu wangu?" akauliza Bi Mwatima. "Sema basi!"

Uongo ulikuwapo, tena mzuri, umeshafika kwenye ulimi. Nilikitazama kile kipaza sauti kama kitu cha mtu mwengine.

"Sijui, bibi," nikasema. "Nadhani nimemsingizia."

Nikakiweka chini.

Mikono ile ikaunganisha waya. Daraja likainuka, gari la moshi likaporomoka mtoni, moto ukajaa shuka zima. Hakuna aliyezomea. Nilisikia mashine ya Shaame inavyokereza, na mama mmoja anavuta makamasi.

"Kumbe huyu ndiye stelingi," akasema Bi Mwatima.

"Na kafa," akasema mwengine.

"Kafa. Na miwani yake."

Watu walipoanza kukunja mikeka, mimi nilijitia kukunja nyaya, kazi ambayo hakuna aliyenipa, ili nisionane na mtu. Bwana Mcha akaja, kiti begani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Umenizomesha uwanja mzima."

"Naam."

"Halafu ukanyamaza."

"Naam. Maneno yaliniishia."

"Alhamdulillahi. Nilidhani hayana mwisho." Akawasha sigara nyingine, akaivuta mpaka ikafika nusu. "Yule bwana wa daraja. Ati tumefanana?"

"Si mimi niliyesema, ami, ni..." Nikajikata. "Mmefanana."

Akaitengeneza miwani yake puani. Alikuwa anazuia tabasamu, na linamshinda.

"Mwambie mama yako alete wazee Ijumaa, baada ya sala. Wewe usije. Siku ya ndoa utapewa neno moja tu la kusema, na mimi ntakaa mbele yako nihakikishe halizidi."

Akaondoka. Nyuma yake akapita Bi Mwatima na mkeka wake, na nyuma ya Bi Mwatima akapita Wanu. Alipofika usawa wangu akapunguza mwendo.

"Na Kurwa je?" akauliza, buibui linatikisika kwa kicheko. "Mbona hakutokea?"

Nikafungua mdomo. Jibu nilikuwa nalo, refu, lenye meli ndani yake na ndugu wa tatu. Lakini Bwana Mcha alikuwa bado hajafika mbali, na kile kiti begani mwake kilikuwa kimesimama, kinasikiliza.

Nikaufunga.