Sahani Yangu

Amiri, anayetufundisha kunyanyua vyuma hapa Mtawanya, aliniangalia mapaja akacheka.

"Nelio, misuli itatoka wapi? Asubuhi mbio kuelekea Ziwani, jioni mbio tena. Chakula chote kinaishia barabarani. Punguza mbio, kula ushibe."

Kula! Kana kwamba sijui kula. Uani kwa Mzee Saide, mwenye nyumba wangu, wanaume wote hula sinia moja, na kwenye sinia nani anajua amekula kiasi gani? Tangu masika nikawaambia nina sahani yangu: mayai, kunde, samaki wa kupima. Wakasema sawa. Lakini chakula cha peke yako chumbani hakishuki. Nusu sahani tu nimekinai, navaa raba, natoka. Ndiyo hizo mbio anazozicheka Amiri. Afadhali barabara kuliko kile chumba.

Jana sikukimbia. Nilinawa mikono nikaenda uani. Walikuwa wameshakaa mkekani, ugali wa muhogo unafuka moshi. Waliponiona walifurahi kweli, wakasogea. Nikakaa, nikanyoosha mkono kwenye sinia.

"Subiri, mwanangu," alisema Mzee Saide, akamwita mkewe.

Mama Rosalina akaja na sahani safi. Akanipakulia ugali pembeni, na samaki mkubwa kuliko wa wote.

"Tunajua wewe huchanganyi," akasema kwa upole.

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikala peke yangu katikati yao.