Hatua Thelathini za Winchi

Simu ililia saa mbili kasoro asubuhi, na Winchi akaipokea kwa mikono iliyojaa gundi ya mbao. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, akiongea mbio mbio kama mtu anayekimbizwa.

"Shemeji, tumeruhusiwa. Saa nne tunatoka wodini. Mtoto ana kilo tatu na robo, na kelele za kutosha mtaa mzima. Njoo utuchukue."

Miaka kumi na moja ya ndoa, mimba tatu zilizoharibika, na leo binti anakuja nyumbani. Winchi aliibusu simu, midomo ikanata gundi. Akaizunguka karakana nzima akitangaza habari kwa kila fundi, hata kwa mteja aliyekuja tu kuuliza bei ya stuli. Wenzake wakampiga piga mgongoni hadi vumbi la mbao likaruka. Furaha ilimjaa, na kwa dakika kumi nzima akakisahau kitenge alichojifunga tumboni.

Kitenge hicho kilikuwa siri yake pale karakanani. Kilikuwa cha mkewe, cha maua ya manjano, naye alikikaza chini ya kitovu kila alfajiri, ndani ya ovaroli, kuizuia ngiri isichomoze. Mwezi wa nane huo tangu imwanze. Daktari alishamwambia bila kuzunguka: "Usinyanyue kitu kinachozidi ndoo ya maji mpaka tukupasue. Utumbo ukinasa humo, una saa chache tu." Mara mbili alipangiwa siku ya kupasuliwa, na mara mbili hakwenda. Angewaambia nini wenzake? Mtu anayeitwa Winchi ataombaje ruhusa kwa sababu ya kubeba?

Maana jina lenyewe, la mashine ya kunyanyulia mizigo, alipewa kwa kubeba. Karakana ile ilikuwa na desturi, sijui ilianzishwa na mwendawazimu gani: fundi aliyetengeneza kabati ndiye anayelitoa, peke yake, mgongoni, kwa mkanda, kutoka meza ya kazi hadi garini. Hatua thelathini, wenzake wakihesabu kwa sauti. Kitoroli kilikuwepo, kizima, magurudumu yote manne, kimewekwa ukutani na kugeuzwa kitanda cha paka. Fundi wa mwisho kukitumia aliitwa Bibi Harusi mwaka mzima, hadi akahama kazi.

Sasa kabati la Winchi, la milango mitatu, lilikuwa limekauka vanishi, na gari la mteja lilisharudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Leo ni baba mtu," alisema Patasi, fundi wa meza ya pili, mwenye ulimi mkali kuliko jina lake. "Atalitoa mbio. Binti asikie kwamba baba yake ni mwanaume."

"Nachelewa hospitali," Winchi alisema.

"Hatua thelathini zitakuchelewesha nini? Au aliyejifungua ni wewe?"

Watu wakaangua kicheko. Hata Mzee Randa, mwenye karakana, alitoka ofisini na kikombe chake cha chai aje kutazama. Nao mori ukampanda Winchi. Tuseme kweli, alipenda kuhesabiwa. Siku kama ile, damu inachemka kwa furaha, alijiona anaweza kubeba kabati na gari lake. Akachuchumaa, akapitisha mkanda mabegani, akainama. Kabati likaiacha sakafu.

"Moja. Mbili. Tatu."

Hatua ya nne kitu kikamvuta chini ya kitovu, kikali, cha moto. Ya tano jasho la baridi likamtoka. Ya saba akamkumbuka baba yake.

Baba yake alikuwa mchukuzi wa magunia. Alikufa kwa kile walichokiita tumbo la ghafla, amejikunja kitandani siku mbili, hataki nesi amguse, huku ami zake Winchi wakimsifu mlangoni kwamba halii. Mazishini walisema amekufa kiume. Winchi alikuwa na miaka tisa na hakuhitaji sifa, alihitaji baba. Hasira ile ilikuwa imelala miaka thelathini, ikaamkia pale pale.

Akapiga magoti polepole, kabati likatua bila mkwaruzo. Akasimama, akashusha zipu ya ovaroli, akakifungua kitenge mzunguko mmoja mmoja mbele ya kila mtu.

"Nina ngiri," alisema. "Mwezi wa nane sasa ninayo. Nikilifikisha hili garini naweza kufa, na mimi leo sifi. Nina mtoto wa kwenda kuchukua."

Patasi alicheka peke yake. Akageuka kutafuta wa kucheka naye, akakosa. Mzee Randa aliweka kikombe chini, akamfukuza paka, akakisukuma kitoroli hadi kwenye kabati.

"Watu wanne, kila kona mmoja," alisema. "Mwenye neno aje aniambie mimi."

Walipokuwa wanalifunga kamba, Patasi alimsogelea Winchi, sauti chini. "Ikikubana, inauma hata ukikohoa?"

"Hasa ukikohoa."

Patasi akarudi kwenye kona yake ya kabati.

Saa nne na robo Winchi alikuwa wodini. Walipomwekea binti mikononi, alicheka, akalia, akacheka tena, na machozi akayaacha yateremke yanakotaka. Kilo tatu na robo. Hakuwahi kubeba kitu kwa uangalifu namna ile.

"Na kabati?" mkewe aliuliza.

"Limetoka kwa kitoroli."

Mkewe akamtazama usoni, kisha tumboni. "Kwa hiyo kitenge changu kinarudi."

"Jumatatu, nikishapasuliwa. Nimepita kujiandikisha kabla ya kupanda huku."

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Patasi, nywele bado zina vumbi la mbao, kashika mfuko wa machungwa. Alisema amekuja kumwona mtoto. Akamwona, akamsifu pua, akaweka machungwa kitandani. Halafu akabaki amesimama, anakunja na kukunjua mikono.

"Pale wanapoandikisha watu wa kupasuliwa ngiri," alisema mwishowe, macho yakiwa sakafuni. "Mlango ni upi?"

Winchi alimrudishia mkewe mtoto, akamshika Patasi mkono, wakateremka wote wawili.