Wiki ya Herufi D

Mwalimu wa chekechea hii si mvivu, na ndiyo maana jambo hili linaniuma. Angekuwa mvivu angeandika D ubaoni, watoto wakaimba da, de, di, do, du mpaka kengele ilie, na mama mmoja angekuwa hai mpaka leo.

Lakini yeye anaamini herufi huingia kichwani kwa kupitia vidole. Wiki ya D ilipofika alilaza kamba nene sakafuni, ikawa D kubwa, watoto wakaitembea pekupeku: kwanza mgongo umenyooka, halafu tumbo linatokeza. "Tumbo kama la nani?" aliwauliza. "Kama lako, ticha," wakamjibu, naye akacheka nao, maana tumbo analo kweli. Zikafuata trei za mchanga wa kuandikia kwa kidole, kisha unga uliokandwa kwa chumvi nyingi ili wasiule. Mmoja aliula hivyo hivyo.

Jumatatu kila mtoto huja na kitu kutoka nyumbani kinachoanza na herufi ya wiki. Vyote hutumbukizwa kwenye mfuko wa kitambaa, mtoto akafumba macho, akatia mkono, akapapasa na kutaja alichoshika. Jumatatu ya D walileta doli lisilo na mguu, dodoki, daftari, na dumu dogo ambalo bado lilikuwa linateleza kwa mafuta. Zamu ya Chiriku ikafika.

Chiriku ni jina alilopewa darasani. Ni binti wa miaka mitano ambaye hafungi mdomo hata anapokunywa maji. Mama yake alikuwa fundi cherehani, akishonea chumbani mwao, na kupitia kwa Chiriku darasa zima lilijua gauni la nani limekataa kupita kiunoni. Alitoa chupa ndogo ya plastiki, akaitikisa.

"D ya dawa," alisema. "Halafu yangu inalia."

Wenzake walikwisha kumzunguka, mikono mbele. Mwalimu aliinyakua ile chupa. Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe, na lebo ilikuwa imefutika kwa kushikwashikwa. Aliogopa, na alikuwa na haki, kwa sababu mtoto wa umri ule akiona kidonge anaona peremende.

"Dawa si kitu cha kuchezea," alisema, kwa sauti ambayo watoto hawakuwahi kuisikia kwake. "Sitaki kusikia tena neno dawa mdomoni mwako. Umenielewa?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Mwalimu akaifungia chupa kabatini, rafu ya juu penye mikasi, na ufunguo akautia mfukoni.

"Kinga ni bora kuliko tiba," alimwambia msaidizi wake.

Sasa, shule hii ina utaratibu wake. Kitu cha hatari hakirudishwi kwa mtoto wala kwa ndugu yake. Anakabidhiwa mzazi mwenyewe, mkono kwa mkono. Ni mwalimu huyu aliyeuweka, baada ya wembe aliopewa kaka wa mtoto mmoja kumkata mtu njiani. Ni utaratibu mzuri. Nasema hivyo huku nimekasirika, lakini ni mzuri.

Mchana aliyekuja kumchukua Chiriku hakuwa mama yake bali mama mdogo, mdogo wake yule fundi, mwanamke wa mbiombio. Alimkuta mwalimu anabandua unga kwenye nywele za mtu.

"Mwambie dada yako kesho apite, nina neno naye."

"Huyu kafanya nini tena? Mdomo?"

"We mwambie apite tu."

Mama mdogo akaufikisha ujumbe kwa namna yake: mwalimu anakuita, mwanao kazidi umbea. Fundi akacheka, akasema ataenda akishamaliza sare za wanakwaya.

Jambo ambalo mwalimu hakulijua ni kwamba fundi alikuwa na kifafa. Alikificha, hata shuleni. Wateja wana midomo, na nani atampelekea kitambaa chake cha bei mtu wa kuanguka? Vidonge vile ndivyo vilivyomsimamisha, na kwa miaka mingi hakuanguka.

Jioni ile aliitafuta chupa yake chini ya kitanda, kwenye droo ya cherehani, na katikati ya mabaki ya vitambaa. Akamuuliza mwanawe kama ameiona. Mtoto aliyekuwa haishiwi maneno alikuwa ameambiwa na mwalimu wake kwamba hilo asilitaje. Akakana kwa kichwa. Fundi akajilaumu kwa usahaulifu, akapanga kwenda zahanati Alhamisi, siku ya wagonjwa wa aina yake, akaendelea kushona.

Jumanne mwalimu alimtazamia getini bila kumwona. "Wazazi wa siku hizi," alisema. Jumatano, Chiriku akiwa darasani anachovya kiganja kwenye rangi, mama yake alianguka kutoka kitini, uso ukazama kwenye lundo la sare. Hakukuwa na mtu wa kumgeuza. Mama mdogo ndiye aliyemkuta.

Baada ya maziko, mama mdogo alikuja shuleni kusema kwamba mtoto sasa yuko kwake na atarudi shule wiki inayofuata. Alikaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti juu.

"Kinachoniua ni maneno," alisema. "Daktari kaulizia dawa zake za kifafa, hazionekani. Mama yetu anasema alizitupa kwa kuchoka kumeza, kajiua mwenyewe. Msibani hakuna lingine lililoongelewa. Mtoto yupo pale pale mkekani, anasikiliza."

Mwalimu hakuuliza dawa gani. Alitoa ufunguo, akafungua kabati, akaiweka chupa mezani na kueleza yote. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Mama mdogo aliishika chupa, akaikaza mkononi isilie.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Nitakuja mwenyewe kwa mama yenu. Nitasema ni mimi niliyeifungia. Marehemu asisingiziwe."

"Na watakapouliza ilifikaje huku?"

Mwalimu akakitazama kiti alichozoea kukalia Chiriku.

"Mama yangu namjua," mama mdogo akasema. "Naishi naye, na mtoto ndiyo hivyo yuko kwangu. Atamwangalia kama mtu aliyemuua mwanawe mpaka siku anaingia kaburini. Wewe ukisema utapumua, mwalimu. Atakayebaki nalo ni huyu mtoto. Dada keshakufa, waache wamseme."

Akaitia chupa kwenye pochi, akaondoka. Mwalimu akafunga mdomo wake. Nimeligeuza jambo hili huku na huku, na sijapata pa kulishika: angesema angemwangamiza mtoto, na kwa kutosema alimwacha marehemu na aibu isiyo yake. Lakini wale wanawake walihesabu vibaya. Walidhani siri ni ya watu wawili.

Chiriku alirudi Jumatatu ya herufi K, maana shuleni hapa herufi hazifundishwi kwa mpangilio wa alfabeti. Mwalimu alitamani kuuruka ule mfuko siku hiyo, ila watoto walikwisha kupanga foleni na kijiko, kitana, kifuniko na kifungo kikubwa cha koti. Chiriku alisimama nyuma ya wote. Ilipofika zamu yake hakungoja kuulizwa. Alifunua viganja vyote viwili, kisha akageuza mifuko ya sketi yake nje ndani.

Mwalimu akapiga magoti, akamsogelea sikioni ili wengine wasisikie.

"Mwanangu, si kosa lako. Ni mimi niliyeifungia. Unanisikia? Si wewe."

Mtoto alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu mzima anayesema jambo la kumfurahisha mtoto. Mwalimu akaivuta trei ya mchanga, akamshika kidole taratibu amwonyeshe pa kuanzia K. Chiriku akakivuta kidole chake, akaificha mikono yote nyuma ya mgongo.

"Mimi sigusi vitu, ticha," alisema. "Hata nyumbani sigusi. Mama mdogo ananilisha."