Punje za Mti wa Tobias

Watu wa Mbinga wanasema mashine yangu inapika, na mimi nimekataa mpaka nimechoka. Kweli, kiini chake nilikitoa kwenye oveni ya maikrowevu iliyokufa, lakini haipiki chochote. Inapitisha gesi ya agoni, ile ya wachomeleaji, kwenye bomba jembamba la kioo. Mawimbi ya maikrowevu yanaipiga gesi hiyo mpaka inang'aa na kutoka nje kama ulimi wa zambarau. Ulimi huo ndio plazma, na unaua ukungu kwenye mbegu bila dawa.

Kazi yote iko kwenye kuyakata mawimbi. Ukiyaachia yatiririke mfululizo, ulimi unakuwa mfupi, mnene, na unachoma. Ukiyaleta kwa mapigo, mara elfu moja kwa sekunde, yawake kidogo na kupumzika zaidi, gesi inapata nafasi ya kupoa kati ya pigo na pigo. Ulimi unarefuka, unakuwa mwembamba kama sindano ya kufumia, na unaweza kuuwekea kidole. Kipimo hicho nilikitafuta miaka miwili. Ndiyo maana mtu akiniambia moto ni moto, damu inanichemka.

Mwezi wa kumi alikuja Mama Hildegardi, mkulima wa kahawa kutoka milimani, mjane. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akafungua kitambaa chenye punje mia mbili na arobaini. Mumewe, marehemu Tobias, alikuwa na mbuni mmoja ambao chulebuni, ugonjwa unaoozesha kahawa yetu ikiwa bado mbichi, haukuugusa miaka ishirini. Mwezi wa nane moto wa jirani aliyekuwa akisafisha shamba ulivuka mpaka na kuuteketeza mti huo hadi kisiki. Zilizobaki ni hizo punje, alizochuma Julai, na zilikuwa na madoa ya ukungu uliozishika zilipokuwa bado mbichi.

“Ndizo hizi tu, mwanangu,” alisema. “Hakuna nyingine.”

Nilimweleza mapigo, joto, sekunde ngapi kwa kila punje. Kuhusu punje zenyewe sikumuuliza hata swali moja. Mimi nikianza kuisifia mashine yangu, huwa sisikii mtu.

Punje mia mbili na kumi nilizipitisha kwenye ulimi. Thelathini niliziacha bila kuzigusa, za kulinganishia. Zote nikazipanda kwenye masanduku ya mchanga. Kila Alhamisi Mama Hildegardi alishuka mjini, akainama juu ya masanduku, akauliza, “Bado?” Mimi nikajibu, “Bado, mama.” Wiki ya kumi nikafukua. Hakuna hata moja iliyotoa mzizi.

Habari ikafika kwa Bwana Ignatio, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima kilichoniazima chumba ghalani kwao. Aliitisha kikao humo humo ghalani, na Mama Hildegardi akaitwa. Bwana Ignatio alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi, kwamba binti ana akili lakini moto ni moto, kwa hiyo mashine iondoke.

Nikaiwasha mbele yao. Nikaweka kipimajoto: nyuzi thelathini na nane. Nikaweka kidole changu, nikahesabu hadi ishirini. Halafu nikazungusha kitufe mawimbi yaende mfululizo. Ulimi ukajikunja, ukanenepa, na punje ya kahawa ya sokoni niliyoishika kwa koleo ikawa nyeusi papo hapo.

“Kati ya punje za mama, iko wapi iliyo nyeusi?” niliuliza. Nikapasua mojawapo iliyopita kwenye ulimi, kisha moja ya zile thelathini ambazo sikuzigusa. Zote mbili zilikuwa ngumu kama kokoto, na kichipukizi ndani kimekauka. Hapo ndipo nilipomgeukia Mama Hildegardi. “Mama, kabla hujaniletea ulizihifadhi wapi?”

“Darini, juu ya jiko,” alijibu bila wasiwasi. Kule kwao kila mama huweka mbegu ya mahindi hapo, moshi uwafukuze wadudu. “Tangu Julai. Niliogopa zisije zikaharibika. Moto sikuuacha uzimike, hata nilipokwenda msibani Kihagara nilimwomba jirani auchochee.”

“Mmesikia?” niliwaambia wanakikundi. “Kahawa si mahindi. Mbegu yake ikikauka kupita kiasi inakufa. Hizi zilifika kwangu zimeshakufa.”

Nilisema kwa sauti, na nakiri nilisikia raha. Bwana Ignatio alikuna kidevu, akasema basi mashine ibaki. Watu wakatoka wakiongea habari za mvua.

Mama Hildegardi alibaki kwenye benchi. Nilikuwa nafunga mtungi wa gesi aliponiuliza, “Kwa hiyo ningeziacha tu kwenye kapu, kivulini?”

“Zingeota,” nikajibu.

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza hata kunyamaza, na hakuna ambaye angenisuta. Niliona aibu mara tu neno lilipotoka, lakini lilikuwa limeshatoka.

Alikusanya punje zake moja moja kutoka kwenye mchanga, pamoja na vipande vya zile mbili nilizozipasua. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa mkono.

“Ungesema tu ni mashine, mwanangu,” alisema. “Wewe ningekusamehe.”