Zaburi kwenye Kioo Kidogo

Katika duka moja mjini Sibiu, kati ya kompyuta mbili za kubebeka, Saveta aliinyanyua ile ndogo, akaiona nyepesi kama mkate. Bega lake lililofanyiwa upasuaji lingeivumilia, hata kwenye ngazi ndefu za kupandia kwenye darasa la uhasibu la jioni. Lakini macho je? Mtihani uliopita alijaza hesabu kwenye safu isiyo yake, akafeli. Akifeli tena, darasani hatarudi.

Alimwomba muuzaji amfungulie Zaburi ya hamsini. Akaisoma yote bila kukwama, moyo ukatulia.

"Hii inanitosha."

Mkwewe, Smaranda, akacheka. "Mama, hiyo unaisoma hata umeme ukikatika. Hebu soma hii." Akamfungulia jedwali la namba.

Saveta akafinya macho. Nane zilifanana na tatu.

"Basi ile kubwa," akasema kwa sauti ya chini.

"Na bega?"

Aliibeba kwa mikono miwili, akaipakata kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Ilikuwa nzito kweli.

"Nitapumzika njiani. Zaburi ninayo kichwani, itanipandisha ngazi."