Mjomba Aliyenipa Mgongo

Mjomba alikuwa ameshavuka lango la kiwanda kwa mara ya mwisho, kasha lake la vyombo likiwa begani mwangu, na bado sijapata la kumwambia. Nyuma yetu mkataji wa miche ya sabuni, mama mwenye mdomo usio na kufuli, alisimama mlangoni na waya wake wa kukatia.

"Msaidizi!" akaniita. "Leo hujatumwa kuni?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana ningefanyaje?

Mjomba alipika sabuni miaka thelathini. Alinichukua kwa mama, dada yake, nikiwa sijui hata kushika mwiko. Akanifundisha kudondosha tone la rojo la sabuni kwenye kigae na kuangalia kingo zake, na kuligusa rojo kwa ncha ya ulimi. Likichoma, magadi yamezidi.

"Usimeze, mpwa wangu," alikuwa akinitania. "Utakuja kutoa povu mbele ya wakwe."

Kisha msimamizi akaniita ofisini, akataka mapishi yaandikwe. Niliandika kurasa nne, maneno ya mjomba matupu. Msimamizi akazibandika ukutani na jina langu peke yake juu. Nami nikanyamaza. Nikapewa koti jeupe la mpishi. Mjomba alisimama pale akasoma mpaka mwisho, kidole kikifuata mistari.

"Mwandiko mzuri," akasema. Basi.

Tangu siku hiyo alionja akiwa amenipa mgongo. Ikikaribia saa ya kumwaga junguni maji ya chumvi, yale yanayoitenga sabuni, ananituma: lete kuni, tafuta ndoo, kamwite mlinzi. Miaka mitatu nilikuwa mtu wa kutumwa, na koti langu jeupe.

Kuna jambo moja halikuwamo kwenye kurasa zangu. Msimu wa mvua mafuta huja na unyevu, jungu likagoma, rojo likakatika kama maziwa yaliyochacha. Mjomba alijua la kufanya. Mimi kila mara nilikuwa nje, natafuta ndoo.

Kituoni nikamshushia kasha. Basi lilikuwa linanguruma tayari.

"Mjomba, nina swali."

Akageuka upesi. Uso wake ulifunguka jinsi ambavyo sikuuona miaka yote ile mitatu.

"Uliza, mwanangu."

"Mvua zikija, jungu likigoma, unafanyaje?"

Akanitazama. Uso ukajifunga polepole.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo."

"Nilidhani utaniuliza kwa nini nilinyamaza juu ya kurasa zako." Akashika chuma cha mlango, akapanda. "Ningekujibu yote mawili."

Mlango ukafungwa. Neno la kumwomba radhi nilikuwa nalo kooni tangu siku ya zile kurasa, na likabaki hapohapo.

Msimu ule wa mvua jungu liligoma mara mbili. Mara ya pili tulimwaga rojo lote mtaroni. Msimamizi akahamishiwa ghalani, na mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa. Mkataji alifungua duka la vitambaa, bado analo. Mjomba alifia kwa binti yake. Barua ilinikuta katika mji mwingine, mwezi mmoja baada ya maziko. Mimi nimepika katika viwanda saba, na sijakaa popote zaidi ya misimu miwili. Mama hakuniuliza hata siku moja nilimfanyia nini kaka yake. Naye amekufa.